Nepi za Kitambaa Juu ya Paa

Benchi letu liko chini ya jengo la ghorofa nne, mkabala na kibanda cha kahawa cha Abu Dawas, pale barabara inapokata kona kabla ya kuteremka bondeni. Mji wetu wa Karak mwezi wa nane ni vumbi na jua tu. Maji ya bomba huja mara moja kwa juma, Alhamisi. Yakija, kila mtu anajaza tangi lake juu ya paa, na yakikatika, watu wanaanza kuoga kwa kikombe na kutazamana kwa jicho la pembeni. Wana benchi ni walewale. Hatim, kinyozi mstaafu, tunamwita Redio kwa sababu haizimiki. Abu Aun ni Waziri. Alikuwa tarishi wizarani, lakini anaongea kana kwamba baraza zima linamsubiri yeye ndipo lianze kikao. Abu Nayif ni Jenerali, ingawa jeshini alitoka sajenti. Mimi naitwa Akaba, maana nimeendesha lori la mafuta kwenda bandari ya Akaba na kurudi mpaka mgongo ukakataa.

Jumanne ile alasiri Abu Dawas alikuwa ndio kwanza anatuletea dele la kahawa, iliki inanukia mpaka barabarani, na maneno yakaanzia kwenye nepi. Juu ya paa la jengo zilikuwa zimeanikwa kamba nzima, nyeupe na za maua. Zilikuwa za mke wa Kusai. Kusai ni kijana wa ghorofa ya tatu, fundi wa simu. Mkewe Rudaina ni mshonaji, binti wa mfugaji kondoo huko chini bondeni. Walipata mtoto wa kike, Julnar, baridi ikiishia, na tangu azaliwe mtoto yule hajavishwa nepi ya kutupa hata siku moja. Rudaina anazishona mwenyewe za kitambaa, anafua, anaanika, anavisha tena. Mtaa wetu umeshazoea kununua, kuvisha na kutupa, kwa hiyo kamba ile ilitupa la kusema majira yote ya joto.

— Yule binti kayaokota kwenye simu, akaanza Redio. Kuna wazungu huko wanataka sisi turudi enzi za bibi zetu.

— Ili iweje? nikamuuliza.

— Ili sisi turudi nyuma, wao wasonge mbele. Fikiria mwenyewe, Akaba. Mtu anayefua nepi kutwa atapata wapi muda wa kutengeneza roketi?

Waziri akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayejua zaidi ila kafungwa mdomo na kiapo. Wazungu hawahusiki, alisema, ni kodi. Kodi ya nepi inakuja, na yule binti lazima ana ndugu wizarani aliyemnong'oneza mapema. Redio akakataa kushindwa. Akasema kodi si kitu, tatizo ni miguu: mtoto akifungwa kitambaa kizito anakua na matege, na akatoa mfano wa jirani yake wa zamani ambaye alikataliwa upolisi kwa ajili ya nepi alizovishwa na mama yake. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia.

Jenerali hakucheka. Alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, macho kayaelekeza chini.

— Tangi langu limekauka, akasema.

Kicheko kikatukatika. Alhamisi ilikuwa bado, na kukaukiwa Jumanne katika joto lile si jambo la mzaha.

— Limekauka lote? Waziri akauliza.

— Lote. Na si juma hili tu. Miezi sasa linakauka mapema, mimi nanyamaza.

Angeishia hapo, labda yasingetokea yaliyotokea. Lakini Redio alikuwepo. Akainua uso, akazitazama zile nepi, akatutazama sisi, kisha akasema taratibu kwamba mpira mmoja wa maji unatosha. Unautia ncha moja kwenye tangi la jirani, ncha nyingine kwenye lako, unanyonya kidogo, maji yanajiendea yenyewe. Anayefua kila siku ya Mungu, akauliza, maji anayatoa wapi, wakati wote tunapata yaleyale?

— Hatim, angalia unachosema, nikamwambia. Hilo ni neno la wizi.

— Mimi nimeuliza tu.

Jenerali akakigeuza kikombe mkononi. Nimemjua mtu huyu tangu tukiwa vijana, na nilishangaa jinsi alivyolipokea lile neno. Alilipokea kama mtu aliyekuwa akilisubiri.

Kusai akatokea muda huohuo, katoka kazini, mkate mkononi. Akatoa salamu, akataka kupita. Jenerali akamwita kwa jina, si kwa “mwanangu” kama siku zote, na akamwambia mbele yetu kwamba mkewe anamaliza maji ya jengo zima kwa ajili ya matambara ya kinyesi.

Kijana alibadilika rangi. Akasema kwa adabu kwamba tangi lao ni lao, na wanachofulia kinatoka humo.

— Basi langu linakwenda wapi?

— Mimi nitajuaje, ami?

— Muulize mkeo. Muulize na mpira wa maji kauficha wapi.

Kusai akauweka mkate juu ya benchi. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa papo hapo tulipokaa, na Jenerali ndiye aliyekuwa mbele kulishika jeneza lake. Nadhani hicho ndicho kilichomzuia kijana mkono. Alisema tu kwamba angekuwa mtu mwingine aliyesema vile, wasingeachana salama. Jenerali akanyanyuka. Ufunguo wa mlango wa paa unakaa kwake kwa kuwa ndiye mwangalizi wa jengo. Akapanda ngazi, na baada ya kitambo tukasikia bati likigongwa juu. Alikuwa ametia kufuli la pili, kubwa, lake mwenyewe, na nepi zote za mtoto zilibaki huko nje kwenye kamba.

Jioni ile Kusai alipanda na nyundo kwenda kulivunja. Mimi na Waziri tulimkamata kwenye ngazi, mmoja huku, mmoja kule, na kijana ana nguvu. Nilimsihi kwa kaburi la baba yake. Alipoiachia nyundo alikuwa analia kwa hasira, na chini yetu, ghorofa ya pili, mlango wa Jenerali haukufunguka.

Kesho yake tulikaa benchi kama watu waliofiwa. Jenerali alikuja, kwa sababu asingekuja ingeonekana kakimbia. Redio alikuwa ameshaihadithia habari ya mpira wa maji mtaa mzima, na sasa hakuwa anauliza tena. Alikuwa anajua hata rangi yake. Watu wawili watatu waliopita walisimama kulitazama paa. Ndipo Rudaina akateremka.

Wanawake wa mtaa wetu hupita benchi letu kwa salamu fupi, hawasimami. Yeye alisimama. Mtoto alikuwa begani, kafungwa kipande cha shuka, maana nepi za akiba zilikuwa zimekwisha. Akamsalimu kila mmoja wetu kwa heshima yake, kisha akamgeukia Jenerali.

— Ami Abu Nayif, sikuja kugombana. Maji natumia, sikatai. Mengi kuliko mwenye mtoto wa nepi za kutupa. Lakini ni ya tangi langu, na ya kusuuzia nayamwaga chooni, hayapotei. Nakuomba upande uangalie. Ufunguo unao wewe.

Jenerali akatazama pembeni, akasema yeye hakaguzi matangi ya watu. Waziri, ambaye moyo wake ni mwepesi kuliko ulimi wake, akaona ageuze maneno. Akamuuliza kwa upole, binti yangu, kwani taabu yote hii ya nini, dukani si zimejaa?

Rudaina akamhamisha mtoto bega.

— Baridi iliyopita nilikuwa na mimba, nimekwenda kwa baba. Kondoo wake mmoja jike akaacha kula. Tumbo likajaa, akawa hawezi hata kulala. Baba akamchinja kabla hajafa mwenyewe. Mimi ndiye niliyeshika karai. Alipompasua tulikuta mwana ndani, ameshaota manyoya. Na tumboni tukakuta nepi. Imevimba, imekuwa kama donge la ute, imeziba kila kitu. Baba hakusema neno. Aliosha mikono, akaenda kukaa peke yake.

Akasema kuwa siku ile, na tumbo lake vile, alikata shauri kwamba mtoto wake hatatupa hata moja kwenye bonde lile, kwa kuwa kitu kile hakiozi. Upepo unakitoa jalalani, unakiteremsha, na mnyama anakiona kina chumvi anakila. Mtoto atakua, atazeeka, na nepi yake bado ipo.

Redio alijikohoza. Akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kwamba wanawake wa siku hizi kweli hawana simile, wakishamvua mtoto wanarusha tu dirishani.

— Haikuwa ya mtoto, ami Hatim, Rudaina akamwambia. Ilikuwa kubwa. Ya mtu mzima. Baba amezikuta nyingine tangu hapo, kwenye mifuko myeusi, chini ya ile njia ya miguu. Ninyi mnakaa hapa kutwa, mnamwona kila apitaye. Nani mtaani kwetu anavaa nepi za watu wazima?

Waziri alifungua mdomo kusema hospitali, akaufunga, maana hospitali iko upande wa pili wa mlima. Redio alimtazama Abu Dawas kama vile jibu lingetoka kwenye dele.

Mimi nilimtazama Jenerali. Kikombe kilikuwa kimesimama nusu ya njia kwenda mdomoni. Na hapo nikakumbuka. Mkewe, Samiha, alianguka mwanzoni mwa baridi. Tuliambiwa presha, tuliambiwa anapata nafuu, na wake zetu walipokwenda kumjulia hali walikalishwa sebuleni, wakapewa chai, wakaambiwa kalala. Kila walipokwenda, kalala. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimkuta Jenerali alfajiri, nikitoka msikitini, akipanda kutoka bondeni mikono mitupu, akisema ananyoosha magoti.

Niligeuza macho haraka, lakini nilichelewa. Rudaina alikuwa amefuata nilikotazama. Niliona uso wake ukielewa. Alimfunika mtoto kichwa kwa kiganja, ingawa tulikuwa kivulini.

Jenerali akaweka kikombe chini. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa lile kufuli, akauweka juu ya benchi kati yake na mimi. Kisha akainuka, akaingia ndani ya jengo, mgongo umenyooka kijeshi, na miguu inagusa kila ngazi kama inaitafuta.

— Kwani kapatwa na nini? Redio akauliza.

— Nyamaza, Hatim, Waziri akasema. Sijui alikuwa ameelewa au alichoka tu.

Rudaina aliuchukua ufunguo. Nilidhani anakwenda kuchukua nepi zake. Nilimfuata nyuma, nikiogopa watakutana huko juu wawili peke yao. Lakini alisimama ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa Jenerali, akabisha. Akabisha tena, akasema ni yeye. Sauti ya ndani ikamwambia aende zake, mlango wa paa ni wake sasa. Rudaina akakaa kwenye ngazi. Mimi nikakaa ngazi ya chini yake.

Tulikaa mpaka mtoto akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kulowa. Lile shuka lilikuwa halizuii kitu. Rudaina akasimama tena mlangoni.

— Ami, mtoto kajichafua, na ngazi hizi ni chafu. Nipe mahali nimlaze nimbadilishe.

Kitasa kikageuka. Jenerali hangeweza kumwacha mtoto mchanga kwenye vumbi mlangoni kwake. Alifungua kidogo, akamtazama Julnar aliyekuwa mwekundu kwa kulia, akafungua kidogo tena. Harufu ya dawa ya madoa ilitupiga usoni, na chini yake ile nyingine ambayo dawa ilikuwa imeshindwa kuifukuza. Akamwambia Rudaina aingie. Mimi akaniambia, Akaba, wewe keti hapo, nami nikaketi sebuleni nikikitazama kiti ambacho Samiha alikuwa akiketi akituchambulia bizari na maneno yetu kwa pamoja. Alikuwa mwanamke wa kauli kali na mkono safi. Watu walisema sakafuni kwake unaweza kula.

Yaliyotokea chumbani nilisimuliwa na Jenerali mwenyewe. Rudaina hakuuliza chochote. Alimbusu Samiha kwenye paji la uso, akamlaza mtoto kitandani ubavuni pake, kwa kuwa mahali pengine hapakuwepo, akaanza kumfungua. Samiha hawezi kusema na upande mmoja umekufa. Mkono wake mzima ukatoka chini ya shuka, ukatambaa, ukaushika mguu wa mtoto, ukabaki hapohapo. Rudaina alifanya kazi yake yote kwa mkono mmoja ili asimwondolee Samiha mguu ule.

Jenerali alikuja sebuleni, akakaa karibu yangu. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa, na nilishangaa kwamba kila siku nilikuwa nikiitazama ikishika kikombe nisiione.

— Maji nilikuwa nayamaliza mimi, akasema. Shuka, godoro, kumwogesha yeye. Nilijua ni mimi, Akaba. Hatim aliposema habari ya mpira, nikaona ni mlango wa kutokea.

— Na zile za bondeni?

— Ningezitupa wapi? Pipa liko mbele ya benchi. Redio angeufungua mfuko kwa macho. Samiha angekuwa hadithi ya kahawa. Angeona heri afe kwanza.

Ni kweli angekuwa hadithi ya kahawa, na mimi ningekuwepo, kikombe mkononi.

Alimwomba Rudaina radhi siku ileile, amesimama, kofia mkononi. Kondoo alitaka kumlipa. Rudaina alisema hilo ni la baba yake, akaongee naye, na Ijumaa Jenerali akateremka bondeni kwa njia ile ile ya miguu, mchana kweupe. Yule mzee hakutaka malipo. Alimpa gunia tupu, wakaikagua miteremko pamoja mpaka jua likazama, wakaokota walichokikuta.

Mambo hayakunyooka mara moja. Nepi kubwa za kwanza alizoshona Rudaina, za fulana na taulo kuukuu, zilivuja, na Jenerali alizitukana kwa matusi ya kambini. Rudaina akaomba sufu kwa baba yake, akaisokota, akafuma vifuniko vya nje. Sufu isiyooshwa sana ina mafuta yake, maji hayapiti kirahisi. Hizo zilifaa. Ngozi ya Samiha ilianza kupona. Kuna siku ambazo bado Jenerali anatumia za kutupa, akizidiwa, au maji yakikosa kuja. Hizo anazifunga kwenye mfuko na kuuleta kwenye pipa la manispaa saa za alasiri, anapita mbele yetu sote, anasalimu. Redio hutazama viatu vyake. Kwa Kusai alitangulia kuomba radhi huyohuyo Redio, nusu kwa maneno na nusu kwa kumnyoa bure, na kijana hajamsamehe sawasawa mpaka leo. Maji nayo hayajaongezeka. Mke wangu na wake wa wengine wanapeana zamu kwa Samiha, na kila mmoja anapanda na ndoo yake ya maji.

Juma lililopita Waziri alikuja na mkwe wake kutoka Irbidi, kijana mwema, mwenye mazungumzo. Abu Dawas alimmiminia, mgeni akasifu kahawa, akasifu upepo, akainua macho akiutazama mji. Kwenye paa kamba mbili zilikuwa zimejaa.

— Ndogo nimezielewa, akasema. Zile kubwa ni za nani?

Waziri akawa mgumu kama ukuta. Redio, na hili naapa, alikunywa kahawa ya moto kwa pumzi moja ili mdomo wake uwe na kazi. Mimi nilianza kutafuta uongo, nikakuta sina. Mgeni akatutazama mmoja mmoja, hajui kakosea wapi.

— Za mke wangu, Jenerali akasema. Nimezifua mwenyewe leo asubuhi.

Akamsogezea Abu Dawas kikombe chake kiongezwe.